Kuruka na Kumruka

Mimi ni mwali. Nalisema hilo mapema tusije tukapotezeana muda. Wako watakaodai kuwa mimi ni mdudu, chungu mweusi wa mbao mwenye mabawa manne na kiuno cha kufinywa, na wako watakaoapa kwamba waliniona nikiwa binti wa watu, nimewekwa ndani nyuma ya pazia, nimesingwa liwa ya manukato mwili mzima, nangoja siku ya kutolewa nje. Wote wana macho yao. Mimi mwenyewe nimejiona kwa sura zote mbili ndani ya pumzi moja na sikuona sababu ya kuchagua. Anayetaka kunijua kwa kuhesabu miguu, na ahesabu. Mimi nina safari.

Mji wetu ulikuwa ndani ya boriti. Boriti yenyewe ilishika paa la nyumba fulani, katika nchi ambayo sikuwahi kuambiwa jina lake, na chini ya paa hilo waliishi watu walioamini kuwa nyumba ni yao. Kila asubuhi mwanamke wa nyumba ile alifagia unga wa mbao uliodondoka sakafuni, akaguna, akautupa nje, na kesho yake akaufagia tena. Hakuwahi kuinua uso akajiuliza ni nani anayetwanga huko juu. Tulikuwa sisi. Na nikiwa hapo hapo niweke jambo moja sawa: sisi hatuli mbao. Huo ni uzushi ulioletwa na mchwa, ambao wanakula kila kitu kisha wanataka na wenzao tuchafuke. Sisi tunatoboa tu. Tunachonga vyumba, kumbi, vichochoro na ngazi, tunausukuma unga nje, na kinachobaki ndicho kinachoitwa mji. Nimejiuliza mara nyingi kama mji ni kile kilichobaki au kile kilichotupwa. Nilikuwa na muda wa kujiuliza, maana mwali hana kazi nyingine.

Tulikuwa wali wengi. Tulizaliwa wakati wa kiangazi, mabawa tayari mgongoni, tukawekwa vyumba vya juu ambako joto la bati hushuka na kukaa. Tulilishwa mdomoni. Tulisafishwa. Tuliitwa malkia. Malkia, geuka nikusugue. Malkia, usikanyage hapo. Malkia, rudi ndani. Hasa hilo la mwisho. Mabawa yangu niliyajua kwa uzito wake tu, sikuyajua kwa kazi yake, na mtu akikaa na kitu asichokitumia huanza kukizungumzia mno, ndiyo maana wali ni wasemaji. Waliotulisha na kutusafisha na kuturudisha ndani hawakuwa na mabawa. Walikuwa wafupi, wenye vichwa vipana na meno ya kukatia mti. Mkubwa wao alikuwa mlinzi wa mlango na kungwi wetu sote, akiitwa Bi Kijakazi.

Lisikilize vizuri jina hilo. Kijakazi, mtumwa mdogo wa kike. Na ufunguo anao yeye.

Swali langu lilianzia hapo, na mpaka leo nikiamka nalikuta limeamka kabla yangu. Mtawala ni yupi?

Anayezaa? Huyo anazaa tu.

Anayelisha? Huyo analisha, na mikono yake inanuka chakula cha wengine.

Anayeitwa malkia? Mimi naitwa malkia, na sijawahi kuuona mlango kwa mbele.

Basi ni anayesimama mlangoni? Lakini huyo naye hatoki. Amesimama pale pale, mgongo kwa mwanga.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Ikanyesha kwa fujo, ikakatika ghafla, na jua likarudi na nguvu zake zote. Boriti ikafuka mvuke. Joto na unyevu viliingia pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu nizaliwe, na misuli ya mgongo wangu ikaanza kutetemeka yenyewe bila kuniomba ruhusa. Bi Kijakazi alitoa pembe zake za kunusia nje ya tundu la mlango, akazichezesha, akazirudisha ndani. Mji mzima ulikuwa unamtazama.

"Leo," alisema.

Wali wakapiga vigelegele. Akatupanga kwenye ukumbi wa mlango, akapita mbele yetu akitukagua mabawa.

"Haya wanangu. Mkifika mlangoni nitamuuliza kila mmoja swali moja tu. Wewe mtoto wa nani? Na mnajibuje?"

"Si mtoto wa mtu!" wakaitikia.

"Sijasikia."

"Si mtoto wa mtu!"

Mdomo wangu haukufunguka. Siwema, ambaye yai lake lililazwa pembeni ya langu na ambaye tumegawana kila kitu tangu hapo, alinikanyaga mguu.

"Itikia basi, anakuangalia."

"Siwezi, Siwema."

"Huwezi nini? Si maneno tu hayo."

"Mama yuko hapo chini. Yu hai. Nitasemaje sina mama na huku nasikia anavyopumua?"

"Unasema, unaruka. Ukishafika juu huko nani atakuuliza?" Alikuwa anang'aa, Siwema, alikuwa mzuri siku ile kupita sisi sote, na hakuwa na ubaya wowote moyoni. Alitaka tu kutoka.

Bi Kijakazi alikuwa amesikia. Alikuja akasimama mbele yangu, na ingawa nilimzidi kimo mara tatu, mimi ndiye niliyeinamisha kichwa.

"Tausi," alisema, maana jina langu ni hilo, nilipewa kabla sijaonyesha uzuri wowote. "Lugha yetu ina akili kukuzidi wewe. Kuruka, na kumruka mtu, si neno moja? Umewahi kujiuliza kwa nini? Hakuna aliyewahi kuruka bila kumruka mtu. Unamruka mama yako, unamruka futi mia, humjui hakujui, ndipo hewa inakubeba."

"Na nisipomruka?"

"Mabawa tunayakata, unakaa humu, unasukuma unga na sisi. Mvua ya namna hii haimkuti mwali mara mbili." Akatabasamu kwa yale meno yake. "Kazi yenyewe si mbaya. Utazoea."

"Lakini kwa nini, Bi?"

"Kwa sababu anayemkumbuka mama hurudi. Akirudi, boriti moja inakuwa na malkia wawili, kila mmoja na wachongaji wake, boriti inakatika, paa linakuja chini. Umeelewa, au nikuchoree?"

Nilielewa. Ilikuwa sababu nzuri na nilikasirika kwamba ilikuwa nzuri. Ningependa aniambie ni desturi tu, nimdharau, yaishe. Kumbe mtu anaweza kukudai jambo baya kwa hoja safi kabisa, na hapo ndipo madaraka yanapokuwa magumu kuyapinga, kwa sababu ukipiga ngumi unapiga ukuta unaolizuia paa lisikuangukie. Nilisimama pale nikiyapima mabawa yangu kwenye mizani moja na mama yangu kwenye nyingine, na mizani zote mbili zilikuwa mimi.

Nikashuka kwa Mama.

Mwali haruhusiwi kushuka, ila siku ya kutolewa wali kila mtu ana shughuli zake na hakuna wa kukuzuia ukitembea kama uliyetumwa. Nilishuka ngazi ambazo nina hakika nilikwisha kuzishuka kabla ya kuzaliwa. Kila nilivyozidi kwenda chini mbao zilizidi kuwa za zamani, na harufu ya leo ilizidi kuwa nyembamba, mpaka nikafika mahali ambapo mvua ya leo ilikuwa bado haijanyesha. Hapo ndipo chumba chake kilipokuwa. Alijaza chumba. Wahudumu walikuwa wanampangusa huku na huku, na mmoja alikuwa amebeba yai akipita nalo bila kumtazama aliyelitoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Tausi."

"Nina watoto wengi, Tausi. Hebu sogea nikunuse." Akaninusa. "Aa. Wewe wa mabawa. Basi ina maana mvua imenyesha."

"Hukuisikia?"

"Nasikia mshindo. Huku chini mvua na nyayo za yule mwanamke anayefagia ni kitu kimoja."

Nikamuuliza nililolishukia. "Mama, wewe ulimruka bibi?"

Wahudumu walimgeuza upande, wakamaliza, wakamgeuza tena.

"Nilimruka, mwanangu. Nilikuwa na haraka. Nilimruka vizuri hata jina lake likanitoka kabisa. Sasa ninapoumwa nataka kuita mama, kama kila mtu anavyoita, na sijui namwita nani."

"Basi mwambie Bi Kijakazi afungue mlango bila swali. Wewe si malkia?"

Akacheka. Mwili wote ule ulitikisika na wahudumu wakakimbilia mayai. "Mimi? Sijatoka chumba hiki tangu nilipojing'oa mabawa. Wananilisha, wananigeuza, wanachukua ninachozaa wanapeleka wanakojua wao. Malkia ni jina la kazi, Tausi, na kazi yenyewe ni hii unayoiona."

Alipokuwa anasema hivyo niliutazama mdomo wake nikauona ni wangu. Nilikuwa nimelala pale, mzito, na msichana mmoja mwenye mabawa alikuwa amesimama mbele yangu akitetemeka, na nikataka kumwambia jambo la kumsaidia, na sikuwa nalo. Kisha nikawa tena mimi, nimesimama. Sijui jambo hilo lilichukua muda gani. Pengine bado halijaisha.

"Wewe jina lako nani, mama?" nilimuuliza, maana sote tulimwita Mama tu.

Akafikiri, kama mtu anayetafuta kitu chini kabisa ya sanduku. "Mwanakombo," alisema. Kisha akalirudia kwa sauti yenye nguvu zaidi. "Mwanakombo. Na mimi nina ombi, Tausi. Ukitoka huko, inuse mvua. Nimesahau inanukaje. Najua huwezi kurudi kuniambia, sisemi urudi. Inuse tu, useme moyoni hii ni ya Mwanakombo."

Wahudumu walikuja wakanisukuma nje kwa adabu zote. Wakati napanda ngazi nilikuwa nimekwisha kuamua, na nilipofika ukumbini nilikuwa nafsi moja.

Mlango ulikuwa wazi. Sikuwahi kuuona mwanga ukiwa mwingi hivyo mahali pamoja, ulikuwa unaingia kwa kusukumana. Walinzi walijipanga pande mbili, meno nje, na Bi Kijakazi alisimama katikati. Wali walikuwa wanakwenda mmoja mmoja. Zamu ya Siwema ikafika.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Si mtoto wa mtu!" Alilisema kwa furaha, akanigeukia akanikonyeza, akapiga mabawa, na hakuwapo tena. Palibaki upepo tu pale alipokuwa amesimama.

Nikasogea.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Bi Kijakazi," nilisema, "umesema niruke?"

"Nimesema."

"Basi nimeliruka."

"Umeliruka nini?"

"Swali. Nimeliruka, nakwenda linalofuata. Wewe ulituonyesha maana mbili za neno hilo, mimi nimeokota ya tatu. Hata mtoto anayesoma akikuta mstari mgumu huuruka."

Mlinzi mmoja alicheka puani, akajifanya amepaliwa. Nilipiga hatua kuelekea kwenye mwanga, na hapo nikasikia meno yakifunga mguu wangu wa nyuma. Bi Kijakazi alikuwa amenikamata. Hakuuma. Alishika tu, na mimi mwenye mabawa manne sikuweza kusogea hata unywele.

"Umechekesha," alisema kwa pembe ya mdomo. "Sasa jibu."

"Nijibu wewe kwanza. Wewe mtoto wa nani?"

"Mimi sitoki. Mimi siulizwi."

"Leo umeulizwa."

Walinzi waliacha kucheka. Nyuma yangu wali waliokuwa wamebaki walinyamaza, na wali wakinyamaza ni habari kubwa. Meno ya Bi Kijakazi yalikuwa bado kwenye mguu wangu.

"Wa Mwanakombo," alisema.

Jina hilo lilikuwa halijapata kutajwa mlangoni pale, na lilipotajwa mbao hazikupasuka, paa halikuanguka. Alilisema bila kulitafuta, wakati mwenyewe Mama alilitafuta.

"Unalijua?"

"Nisilijue kwa nini? Mimi ndiye wa kwanza. Alinizaa gizani akiwa peke yake, hana mtu, akanilisha mate yake mpaka akabaki ngozi. Boriti hii ilikuwa tundu moja, mimi na yeye. Nyinyi wote mmekuja mji umekwisha kujengwa."

"Basi wewe ni dada yangu."

"Umegundua leo?" Alikasirika, na hasira zake zilikuwa na kilio ndani. "Kiangazi chote nakusugua mgongo, umegundua leo?"

"Dada," nikamwambia, na neno lenyewe lilinishtua kwa jinsi lilivyokaa vizuri mdomoni, "wewe humruki mama hata ukipewa nini. Kwa nini sisi tumruke?"

"Mimi simrudii kwa sababu simwachi. Wewe ukitoka naye moyoni utarudi. Nimewaona. Wanarudi na mabawa yao, wanabisha hodi, na mimi ndiye ninayewaua."

Hilo sikuwa nalijua. Nilimtazama yule dada mfupi mwenye kichwa kipana nikaona ni mangapi yaliyokuwa nyuma ya swali lile.

"Sirudi," nilisema.

"Unaapa kwa nini?"

"Kwa mabawa yangu."

"Mabawa ndiyo utakayorudi nayo."

"Ndiyo maana nayaapia. Nikigusa chini nayakata kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Mama nitabaki naye, mabawa utayakuta chini. Chagua, dada. Nimruke mama, au niyaruke mabawa?"

Kisha meno yakafunguka.

"Tausi binti Mwanakombo," akatangaza kwa sauti ya mtu anayesoma harusini, walinzi wote wasikie. "Mpisheni."

Nikatoka.

Sitajaribu kuieleza hewa. Nitasema tu kwamba mabawa yalikuwa yanajua kazi muda wote ule, mimi ndiye niliyekuwa sijui, na kwamba nilipopanda juu ya bati nikacheka kwa sauti na sioni haya. Chini ua wa nyumba ulikuwa unafuka mvuke. Nikakumbuka ombi, nikafungua kila tundu la mwili wangu, nikainusa mvua. Ilinuka kama chungu kipya kilichotiwa maji kwa mara ya kwanza. Nikasema moyoni, hii ni ya Mwanakombo. Kisha nikaona kwamba harufu yenyewe ina jina letu na nikacheka tena.

"Samahani, binti." Sauti ilitoka ubavuni. Alikuwa kijana mwembamba, mabawa makubwa kuliko mwili, kichwa kidogo cha mtu ambaye hakuandaliwa kuishi sana. "Mimi Makame. Natoka boriti ya jikoni."

"Tausi binti Mwanakombo."

Akapoteza mwendo kidogo, akajirekebisha. "Una mama? Wenzako wote wananiambia si watoto wa mtu."

"Ninaye."

"Na mimi ninaye," alisema, akishusha sauti kana kwamba kuna wa kutusikia kule juu. "Sisi wanaume hatuulizwi mlangoni. Hakuna anayetarajia turudi."

"Baada ya hapa unakwenda wapi?"

"Hakuna baada ya hapa, Tausi. Sisi tumepewa mchana mmoja. Lakini huu mchana, we! Umeuona?" Akazunguka mara moja, kwa kujionyesha. "Nitakukumbuka."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nianguke."

Alitimiza. Sijakutana na mwanamume mwingine aliyetimiza ahadi kwa ukamilifu huo. Yaliyopita kati yetu ni yetu, na yalikuwa mafupi, na yalitosha umri mzima: mpaka leo kila ninayemzaa ni wake. Alipoachana nami alishuka akizunguka zunguka, polepole, bila woga, akalala juu ya jani. Nilimwombolezea kwa urefu wa pumzi moja kwa sababu nami nilikuwa nashuka.

Nilitua juu ya kisiki cha mwarobaini pembeni mwa ua. Wakati huo mlango wa nyumba ukafunguka na yule mwanamke wa ufagio akatoka mbio na beseni la maji.

"Kumbikumbi!" alipiga kelele. "Jamani, njooni, kumbikumbi wametoka!"

Kumbikumbi ni watoto wa mchwa. Ni wanono, ni watamu, kila mtu anawapenda na wanastahili. Sisi si wao. Lakini mtu aliyeishi chini yetu miaka yote bila kuinua uso angejuaje? Aliona mabawa baada ya mvua, akaona kitoweo. Wali walikuwa wanaanguka ndani ya beseni wakidhani mwanga wa maji ni mbingu ya pili, na katikati yao nikamwona Siwema. Alikuwa bado anang'aa. Mwanamke akamwokota kwa mabawa, akayanyofoa, akamtia mdomoni mzima mzima.

Akatafuna mara moja. Uso ukamkunjika. Akamtema.

"Mh! Chungu!"

Sijui alikuwa anasema ladha au ukoo. Hakujua mwenyewe. Lakini ndivyo Siwema alivyotajwa jina lake la kweli kwa mara ya kwanza chini ya mbingu, akiwa vipande viwili kwenye matope, na aliyelitaja alikuwa anapangusa ulimi. Mwanamke akamwaga beseni, akarudi ndani akilalamika.

Nililia. Mtu asiniambie kwamba sisi hatulii. Nililia kwa sababu alinikonyeza mlangoni, na kwa sababu alikuwa amesema yeye si mtoto wa mtu, na dunia ikamwamini upesi mno. Nikamwendea karibu nilivyoweza, nikasema, "Siwema binti Mwanakombo." Nikasema mara ya pili, ili asije akabaki na lile jibu la mlangoni.

Na hapo ndipo hamu ya kurudi iliponijia. Kutoka pale kisikini niliiona ncha ya boriti yetu chini ya bati, na tundu la mlango, na unga mweupe ukidondoka. Haikuwa mbali. Nilikuwa na habari mbili za kumpelekea Mama, mvua inanukaje na Siwema yuko wapi, na hakuna mtu mwingine duniani wa kuzibeba. Misuli ya mgongo ilianza kutetemeka tena, kama asubuhi. Mabawa yakafunguka. Ningefika kabla ya kumaliza kujitetea. Nikaelewa kwamba wote waliobisha hodi pale na kuuawa hawakuwa waasi wala wenye tamaa ya boriti, walikuwa wasichana wenye habari ya kumwambia mama yao. Na dada alilijua hilo, na aliwaua akilijua, na kesho yake akaamka akawasugua wengine migongo.

Mtawala ni yupi? Sikiliza, nilijibu swali langu pale pale juu ya kisiki, bila mashahidi. Ni yule anayeweza kujifungia mlango mwenyewe.

Nikapitisha mguu juu ya bawa la kwanza nikalikandamiza. Lilikatika kwa sauti ndogo kama ya ukucha. La pili. La tatu. La nne liligoma, nikalizungusha. Yalilala kwenye kisiki, yamelowa, yana rangi za mafuta juu ya maji, na niliyatazama nikayaambia: siwajui, hamnijui. Niliyaruka futi mia. Mama yangu alibaki nami, na jina lake, na Siwema, na Makame, na dada. Nilikuwa mzito na nilikuwa mzima.

Nikaingia kwenye ufa wa kisiki, nikachonga chumba kimoja, nikauziba mlango nyuma yangu kwa unga wa mbao na mate.

Gizani muda hauna pa kushika. Nilizaa. Sikuwa na chakula, lakini ile misuli ya kupigia mabawa, ambayo sasa haikuwa na kazi, ikaanza kuyeyuka ndani yangu, ikapanda mdomoni ikiwa mate matamu, nikawalisha nayo. Kwa hiyo watoto wangu wa kwanza wameumbwa na kuruka kwangu, nyama kwa nyama. Anayesema niliacha kuruka na aje awatazame wanavyotembea.

Wa kwanza alitoka mdogo sana, mdogo kuliko wale wote niliowahi kuwaona, na kichwa kipana. Hakunisalimu. Aliuliza.

"Mimi mtoto wa nani?"

"Wa Tausi," nikamwambia. "Na Tausi ni wa Mwanakombo. Na Mwanakombo ana mama ambaye jina lake limepotea, lakini alikuwapo."

Akatikisa kichwa kama fundi aliyeonyeshwa kazi, akaenda moja kwa moja kwenye mlango niliouziba, akaanza kuutoboa. Nje kulikuwa na ngurumo. Tundu likafunguka dogo, mwanga ukaingia kwa kusukumana, na nyuma ya mwanga ikaingia ile harufu, chungu kipya na maji ya kwanza. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimefika mlangoni na kichwa changu kilikuwa nusu nje, ncha ya boriti naiona kule chini ya bati, pale nilipohisi meno yakinifunga mguu wa nyuma. Hayakuuma. Yalishika tu.

"Mama," alisema kwa pembe ya mdomo. "Rudi ndani."

Nikacheka mpaka kisiki kikatikisika na mayai yakabingirika.

"Wewe ni Kijakazi," nikamwambia.

"Ni jina la nani hilo?"

"La dada yangu. Sasa sogea kidogo, mwanangu. Sitoki. Nataka kuinusa tu."

Akasogea, ila mguu wangu hakuuachia.